Kazi Yangu Imefika? Kuchapisha kwenye Printa ya Mtandao kwa Kuandika Amri

Katika ofisi ya walimu yenye printa moja ya kila mtu, hakuna swali linalorudiwa kama hili: kazi yangu imefika? Mtu amebofya, kidirisha kimejifunga, printa kimya. Anabofya tena. Mwenzake wa meza ya pili naye anatuma ya kwake, haoni kitu, anarudia. Mtandao ukikaa sawa, mashine inaanza kutoa nakala zilezile mfululizo, na rimu iliyotegemewa kufika Ijumaa inaisha kabla ya chai ya saa nne.

Ninatunza kompyuta za shule ya sekondari. Zinatumia mfumo endeshi wa Linux, printa kubwa imeunganishwa na ruta kwa waya, na karibu kila kinachochapishwa pale kwa wingi, iwe mitihani ya muhula, ripoti za wanafunzi au fomu za kujiunga, ninakituma kwa kuandika amri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Baadhi ya wenzangu huiona njia ya kizamani. Mimi naipenda kwa sababu inamjibu mtu aliyeuliza swali lile la juu, na inamjibu ukweli. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mwalimu, karani au mwenye duka la stesheneri yeyote anayetumia printa pamoja na wengine.

Amri yenyewe ni fupi:

lp -d Ofisini mtihani.pdf

Ofisini ni jina tulilolipa foleni ya printa yetu. Ukibonyeza Enter, mfumo unajibu papo hapo:

request id is Ofisini-27 (1 file(s))

Namba hiyo ndiyo risiti yako. Inakuhakikishia kwamba faili limepokelewa na kunakiliwa kwenye hifadhi ya foleni. Hata ukilifuta faili lako la awali, kazi haipotei. Haikuhakikishii kwamba karatasi imetoka. Kupokelewa ni jambo moja, kuchapishwa ni jingine, na vidirisha vyetu vya kubofya huyachanganya mawili haya hadi mtu asijue amesimama wapi. Ukiwa na namba, unauliza:

lpstat -o Ofisini

Hapo unaona kazi zote zinazosubiri, ya nani ni ipi, na yako ni ya ngapi. Kisha unauliza hali ya printa yenyewe:

lpstat -p Ofisini

Kama inachapisha, utaambiwa inachapisha kazi namba ngapi. Kama haina kazi, utaambiwa imepumzika. Kama imesimamishwa, utaona neno disabled, na mara nyingi sababu iko mstari unaofuata. Nimeshuhudia mizozo ya ofisini ikiisha kwa mistari miwili ya aina hiyo, maana mtu akiona kwamba kazi yake ni ya tatu na iliyo mbele ni kitini cha kurasa themanini, anaenda kufundisha kipindi chake kwa amani.

Kwetu sababu kubwa ya foleni kusimama ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, seva, yaani kompyuta inayotunza foleni, inaitafuta printa, haiipati, na programu inayosimamia uchapishaji inaweza kuamua kuisimamisha foleni nzima hadi binadamu aingilie. Programu hiyo inaitwa CUPS, na kusimamisha foleni ndiyo kanuni yake ya msingi inapokutana na hitilafu. Umeme unarudi, taa ya printa inawaka kijani, kila mtu anaamini mambo ni mazuri, lakini foleni bado imelala. Dawa yake ni amri moja (neno sudo mwanzoni huiendesha kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo):

sudo cupsenable Ofisini

Kazi zilizokuwa zikisubiri zinaanza kutoka kwa mpangilio wake, kwa sababu zilikuwa zimeandikwa kwenye diski ya seva. Hata seva yenyewe ikizimika, ikiwaka inazikuta. Ndiyo maana nasisitiza kwa wenzangu: ukishapata namba, usitume tena. Na kama hutaki foleni isimame kila umeme unapoyumba, ibadilishie kanuni mara moja tu:

sudo lpadmin -p Ofisini -o printer-error-policy=retry-job

Tangu hapo kazi iliyoshindikana itajaribiwa tena baadaye bila kuwazuia wengine.

Kuna tatizo la pili linaloletwa na umeme, na hili hudanganya hata mafundi. Ruta ikizima na kuwaka, inaweza kuipa printa anwani nyingine. Foleni inaendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya jana, ambako hakuna printa, au ambako sasa kuna simu ya mtu. Watu huanza kung'oa waya na kubadilisha tona wakati mashine haina kasoro yoyote. Chapisha ukurasa wa usanidi kutoka kwenye vitufe vya printa, usome anwani iliyopo sasa, kisha uilinganishe na ile ambayo lpstat -v inaonyesha. Zikitofautiana, umepata ugonjwa. Tiba ya kudumu iko kwenye ruta: itengee printa anwani yake isiyobadilika.

Hitaji hili la kutaka kujua printa ina hali gani ni la muda mrefu, na limewahi kubadilisha historia ya kompyuta. Katika maabara ya akili unde ya MIT nchini Marekani, mwandishi wa programu Richard Stallman alikuwa amerekebisha programu ya printa yao ya awali ili karatasi ikikwama, ujumbe uwafikie wote wenye kazi kwenye foleni, nao waende kuitengeneza. Kisha maabara ikapewa printa mpya ya leza kutoka Xerox, na programu yake ilikuja bila msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo fundi huweza kuyasoma na kuyarekebisha. Ikikwama, hakuna aliyejua. Watu walisubiri wakidhani inafanya kazi. Stallman alimfuata mtafiti wa Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo huo, akanyimwa, kwa kuwa yule bwana alikuwa ameahidi kutoutoa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi huru, na amekuwa akikisimulia kisa cha printa ile kama moja ya mambo yaliyomfikisha huko. Linux tunayotumia shuleni imebeba kazi kubwa ya mradi huo. Nikimwona mwalimu amesimama mbele ya printa asijue kinachoendelea, nakumbuka kwamba hiyo ndiyo hali iliyomkera mtu hadi akaanza kuandika mfumo mzima.

CUPS ilikuja baadaye. Michael Sweet alianza kuiandika mwaka 1997, ikaanza kutolewa kwa umma mwaka 1999. Apple waliiingiza kwenye Mac OS X mwaka 2002 na kuununua msimbo wake mwaka 2007, kwa hiyo amri ninazoandika hapa zinafanya kazi kwenye Mac pia. Leo maendeleo yake yako mikononi mwa kundi la OpenPrinting. Kwenye Windows ipo amri ya lpr, ila lazima uiwashe kwanza kwenye orodha ya vipengele vya ziada, na PowerShell ina Out-Printer. Sitakaa huko, uzoefu wangu uko upande wa pili.

Ukisoma maelekezo ya watu mbalimbali utakutana na amri mbili, lp na lpr. Ya kwanza ilitoka kwenye tawi la System V la Unix, mfumo endeshi wa zamani, ya pili kwenye tawi la BSD, na CUPS inazikubali zote ili wazee wa kila upande wasipotee. Ubaya ni kwamba zinatumia herufi zilezile kwa maana tofauti. Kwenye lpr, -P hutaja jina la printa. Kwenye lp, -P hutaja kurasa, na printa hutajwa kwa -d. Idadi ya nakala ni -n kwa lp, lakini ni -# kwa lpr. Jambo lingine la kuangalia ni -r ya lpr, ambayo hufuta faili lako baada ya kulituma. Ushauri wangu kwa anayeanza ni ashike lp peke yake, tena kwa sababu ya msingi: lpr ikifanikiwa haisemi neno, wakati lp inakupa namba.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana hapo ndipo pesa ya shule inapopotelea. Kompyuta nyingi zinazotufikia, hasa za msaada, zimesanidiwa kwa matumizi ya Marekani, ambako karatasi ya kawaida ni Letter. Sisi tuna A4. Unatuma kazi, printa inawasha taa ya kudai karatasi ambayo nchi nzima ni shida kuipata, na foleni yote inasubiri nyuma yake. Ukiwa na amri unaitaja saizi wazi:

lp -d Ofisini -o media=A4 -o fit-to-page kitini.pdf

Kwa kuchapisha pande zote mbili, ongeza -o sides=two-sided-long-edge. Kwa kurasa mbili kwenye uso mmoja wa karatasi, ongeza -o number-up=2. Ukizitumia zote mbili pamoja, kitini cha kurasa themanini kinaingia kwenye karatasi ishirini, na bado kinasomeka kama mwandishi hakutumia herufi ndogo. Karatasi ikikwama ukurasa wa 41, huna haja ya kuanza upya. Kama hukutumia number-up, unatuma kurasa zilizobaki tu kwa -P 41-80. Ili usiandike haya yote kila siku, yahifadhi kama kawaida ya foleni:

lpoptions -p Ofisini -o media=A4 -o sides=two-sided-long-edge

Ukiendesha amri hiyo kama mtumiaji wa kawaida, inakuhusu wewe peke yako. Ukiiendesha kwa sudo, inakuwa kawaida ya kila mtu kwenye kompyuta hiyo. Kwetu iko kwa kila mtu, na mwalimu anayetaka upande mmoja anaandika sides=one-sided kwa kazi yake.

Mwisho wa muhula ndipo terminali inaponifurahisha kuliko wakati wowote. Ripoti za wanafunzi huzalishwa kila moja na faili lake, na kidato kimoja kina mamia. Kufungua moja, kubofya, kusubiri, kufunga na kufungua nyingine ni mateso, na ni rahisi kumruka mtoto bila kujua. Kama mafaili yamepewa majina kwa namba za usajili, mstari mmoja unatosha:

for f in *.pdf; do lp -d Ofisini "$f"; done

Ripoti zinatoka zimepangwa kwa namba, na terminali inakuachia orodha ya namba za kazi unayoweza kuilinganisha na orodha ya darasa. Zingatia alama za nukuu kwenye "$f". Bila hizo, faili lenye nafasi kwenye jina litavunjwa vipande. Walimu wakileta mafaili ya Word, lp haitayapokea moja kwa moja, ila LibreOffice inayageuza yote kwa pamoja bila hata kufungua dirisha:

soffice --headless --convert-to pdf *.docx

Na tona ikiisha katikati ya kazi hiyo, huku maktaba kuna printa nyingine iliyotulia, sudo lpmove Ofisini Maktaba huhamisha kila kilichobaki kwenye foleni kwenda huko. Wenye kazi hawatumi upya chochote. Wanaambiwa tu wakachukue karatasi zao maktaba.

Mitihani inataka uangalifu mwingine kabisa. Hapa nasema kwa uzito, kwa kuwa mtihani ukivuja ni jasho la mwaka mzima la watoto waliosoma kwa uaminifu. Mtihani uliotumwa na kuachwa ujitokee kwenye printa ya ofisi ya wazi umekwisha kuwekwa hadharani. Kwa hiyo unatumwa ukiwa umezuiwa:

lp -d Ofisini -n 40 -o collate=true -H hold -t Kazi1 fizikia.pdf

Neno hold linaiacha kazi kwenye foleni bila kuchapishwa. Chaguo la -t linaipa jina lisilosema kitu, kwani bila hilo jina la faili ndilo linalotumika, na printa nyingi huonyesha jina hilo kwenye kioo chake mbele ya yeyote anayepita. Collate inapanga kurasa nakala kwa nakala, tayari kwa kubana pini. Mwalimu wa taaluma akishasimama kando ya mashine na mlango umefungwa, unaiachia:

lp -i Ofisini-31 -H resume

Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Kwa kawaida CUPS huhifadhi faili la kazi kwa siku moja baada ya kuchapishwa, ndani ya /var/spool/cups, ili ukitaka uweze kulirudia. Ni msaada kwa kitini, ni hatari kwa mtihani, hasa kama nywila ya msimamizi wa ile seva inajulikana na zaidi ya mtu mmoja au wawili. Fungua /etc/cups/cupsd.conf, andika mstari huu, kisha uwashe upya huduma:

PreserveJobFiles No

Kuanzia hapo faili linafutwa kazi ikikamilika. Utapoteza uwezo wa kurudia kazi kwa namba yake, na kwa shule nadhani hilo ni badiliko la haki. Baadhi ya printa kubwa za ofisi zina diski yake ya ndani pia, kwa hiyo pitia menyu yake ya usalama usikute nakala zinabaki huko.

Kisha kuna poti, yaani milango ya mawasiliano yenye namba. Printa za mtandao husikiliza kwenye zaidi ya poti moja. Poti 515 ni ya itifaki ya zamani ya LPD, iliyoandikwa rasmi katika waraka wa RFC 1179 wa mwaka 1990. Poti 631 ni ya IPP, itifaki nyingine ya kuchapisha mtandaoni, ambayo CUPS imejengwa juu yake. Poti 9100, iliyoanzia kwenye vifaa vya HP vya JetDirect, inapokea chochote inachomwagiwa na kukichapisha, bila foleni na bila kuuliza wewe ni nani. Kwa fundi ni njia nzuri ya kupima kama waya uko salama, 192.168.1.50 ikiwa ni anwani ya printa:

nc 192.168.1.50 9100 < barua.txt

Ila ukipeleka PDF kwenye printa isiyoielewa lugha ya PDF, utapata rundo la karatasi zenye alama zisizosomeka, ya kwanza ikianza na %PDF. Kinachokosekana hapo ni kazi ambayo CUPS huifanya kimyakimya, ya kugeuza faili kuwa lugha ambayo printa inaijua. Na kama wanafunzi wanatumia mtandao uleule wa printa, yeyote kati yao anaweza kuimwagia kurasa apendavyo bila jina lake kuonekana popote. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa printa, zima poti 9100 na 515 kama huzitumii, na uiruhusu kuongea na seva peke yake. Kwenye kompyuta nako, zima huduma ya cups-browsed, inayotafuta printa mtandaoni, kama huihitaji. Septemba 2024 mtafiti wa usalama Simone Margaritelli alionyesha jinsi huduma hiyo, ikiunganishwa na udhaifu mwingine, ingeweza kumpa mtu wa mbali nafasi ya kuendesha amri zake kwenye mashine yako.

Nimebakiza kuunganisha printa kwa mara ya kwanza, jambo lililokuwa gumu kuliko yote na sasa limekuwa jepesi. Zamani ulitafuta draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuielewa printa, ya modeli yako hasa, na ikikosekana kwa Linux, ndiyo basi. Simu ndizo zilizotukomboa. Apple walipoleta AirPrint mwaka 2010, haikuwezekana kuweka draiva za printa zote duniani ndani ya simu, hivyo watengenezaji walilazimika kuzifundisha printa zao lugha chache za pamoja. Mwaka 2013 ukafuata utaratibu wa wazi wa IPP Everywhere wenye lengo kama hilo. Leo unaandika tu:

sudo lpadmin -p Ofisini -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

CUPS inaiuliza printa yenyewe inaweza nini, kisha inajipanga. Iache -E mahali hapo ilipo, baada ya jina la foleni, ambako maana yake ni kuiwasha foleni na kuiruhusu ipokee kazi. Ukiiweka kabla ya -p inamaanisha kusimba mawasiliano, na foleni yako itabaki imelala.

Mwelekeo wa CUPS ni kuachana kabisa na draiva za mtindo wa zamani, na hilo linagusa shule zinazopokea printa kuukuu au kununua zilizotumika. Kabla bodi haijalipa, omba mashine iunganishwe na mtandao, kisha uiulize:

ipptool -tv ipp://192.168.1.50/ipp/print get-printer-attributes.test

Yatatoka maneno mengi. Tafuta mstari wa document-format-supported. Ukikuta application/pdf, image/urf au image/pwg-raster, printa hiyo itafanya kazi bila draiva. Usipokuta hata moja, au mashine isipojibu kabisa, mwambie muuzaji akuletee nyingine.